Usukani wa Watu wa Chebunyo

Baba alianza kusahau watu kabla ya kusahau vitu. Mimi nilimtoka kichwani mapema, na mpaka leo sijui kosa langu, kwa maana ndugu zangu wanaoishi Nairobi na kuja nyumbani Krismasi tu aliendelea kuwajua hata kwa sauti ya simu. Nikifika nyumbani Kiptere jioni kutoka dukani kwangu Kericho, alinipa mkono vizuri, akaniuliza habari za kwetu, kisha akamgeukia mama na kumwuliza polepole ikiwa mgeni amepewa chai. Lakini gari lake hakulisahau. Kila asubuhi, kabla hata ya kuvaa viatu, aliuliza, "Gari imetoka garage?"

"Bado," mama alimjibu. "Fundi anangoja spea."

Baba alitikisa kichwa kwa huruma, maana anawajua mafundi, akanywa uji wake na kutulia mpaka kesho.

Ukweli ni kwamba gari lilikuwa nyuma ya zizi, karibu sana na dirisha lake, na kuku waliolala ndani yake ndio waliomwamsha alfajiri. Lilikuwa pikapu ya Kifaransa, rangi ya maziwa yaliyochacha, mkono wa gia ukiwa shingoni mwa usukani. Watu wa rika langu huku kwetu wanaijua aina hiyo bila kutajiwa jina. Ilibeba majani ya chai mpaka kituo cha kununulia, ikabeba mitungi ya maziwa, wagonjwa, maharusi na mbao za kanisa. Ndani ilinuka majani mabichi, petroli na magunia yenye unyevu, na hata leo nikipita karibu na lori la majani nageuka kuangalia kama baba amefika. Kwenye miteremko alizima injini kuokoa petroli, tukashuka kimya katikati ya chai, upepo ukiingia dirishani, mama akimwomba Mungu kwa Kigusii. Mama alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, wazazi wake wakiwa wametoka Kisii, na baba ni Mkipsigis. Kwa hiyo lugha ya mezani kwetu ilikuwa Kiswahili, na maombi ya hatari kila mtu aliomba kwa lugha yake.

Ndugu zangu waliposema gari liuzwe kwa watu wa vyuma vikuukuu, niliwaka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wateja wangu wa mbolea na dawa za ng'ombe watakuthibitishia. Niliwaambia kwamba kama wanataka kuuza chuma waanze na vichwa vyao. Baada ya hapo, bila shaka, kazi ya kulifufua gari ikawa yangu peke yangu.

Nilichotaka nakisema waziwazi. Nilitaka baba apande gari lake akiwa bado analijua. Daktari alikuwa ametuonya kwamba hata vitu vitaanza kumtoka, na siku moja nilimwona mwenyewe akigeuzageuza kijiko, hajui akianzie wapi. Na chini ya hilo kulikuwa na tumaini lingine la kitoto, kwamba mkono wake ukishika ule usukani, huenda akamkumbuka na aliyekaa pembeni yake.

Fundi niliyempata ni mtu wa Vihiga mwenye kibanda pale Kericho, msemaji sana, anayeimba nyimbo za kanisa akiwa amelala chini ya magari. Alikaa chini ya letu karibu asubuhi nzima, kisha akatoka na kutoa hukumu.

"Bosi, injini ni mzima. Hii gari iko na roho ya punda. Shida ni miguu na shingo."

Miguu ilikuwa bushi zilizosagika, boljointi zilizolegea mpaka gurudumu linatikisika kwa mkono, na shokamzoba zilizomwaga mafuta yote. Hakuna duka lililokuwa na hata kimoja, kwa kuwa wenye kuzitengeneza waliacha zamani. Lakini miguu ilipatiwa dawa. Bushi alizichonga mtu wa mashine hapo jua kali kutoka kwa kipande cha nailoni. Boljointi tulichukua za gari la Kijapani, tukatanua matundu. Shokamzoba zilipasuliwa zikatiwa matumbo ya gari lingine, zikachomelewa tena. Fundi aliapa kwamba zitaishi kuliko yeye.

Shingo ndiyo iliyotushinda. Ndani ya usukani wa gari hilo kuna raki, chuma kirefu chenye meno ambacho ndicho kinachosukuma magurudumu kulia na kushoto. Meno ya katikati yalikuwa yamekwisha na ya pembeni bado mazima, kwa sababu baba alikuwa mtu wa kwenda moja kwa moja: kituo cha majani, kanisani, nyumbani. Ukiikaza raki hiyo, inakwama kwenye kona. Ukiilegeza, gari linatangatanga barabarani, na polisi watakuuliza umekunywa nini.

Niliitafuta Kericho, nikaitafuta Nakuru na Kisumu. Nairobi, Kirinyaga Road, vijana wa maduka ya spea walikusanyika kuitazama picha kwenye simu yangu. Mmoja akanishauri niipeleke makumbusho. Hatimaye nikaagiza moja ng'ambo kupitia mtandao, nikaingoja nikiwa na furaha ya bwana harusi. Ilipofika, fundi aliifungua, akaigeuza, akaacha kuimba. Ilikuwa ya gari la wale wanaokaa na usukani upande wa kushoto. Niliitupa nje ya kibanda, nikaiendea, nikaiokota, nikaitupa tena.

Wakati huo baba alikuwa ameanza kuruka asubuhi moja moja bila kuuliza. Mama alifikiri ni nafuu. Mimi niliogopa sana.

Mteja wangu mmoja, mchuuzi wa ng'ombe, ndiye aliyeniambia kwamba Chebunyo kuna mzee mwenye pikapu ya aina ile ile, imelala bomani mwake. Niliondoka siku iliyofuata. Ukitoka kwetu ukapita Litein, Kaplong, Bomet na Sigor, chai inakuacha, kisha kijani chenyewe kinapungua, na ukifika Chebunyo uko katika nchi ya mahindi, ng'ombe na jua. Nilimkuta mzee huyo, rika la baba, amevaa koti la suti na gumbuti, akikagua kwato za ndama. Gari lake lilikuwa chini ya mgunga, limeinuliwa juu ya mawe, limefunikwa turubai, na chini yake pamefagiliwa. Aliniruhusu niingie chini na tochi. Raki ilikuwa nzima, mafuta bado yanang'aa kwenye meno, kwa maana aliiweka mpya muda mfupi kabla injini haijavunjika.

Nilitoka mavumbini nikiwa nimeshashika pochi. "Mzee, bei ni gani?"

Akanitazama, kisha akatazama mawingu. Akaniambia mvua ya mwaka huu haieleweki. Akanipeleka kuona ng'ombe wake wote, akanipa mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu, akanisindikiza mpaka barabarani. Habari za raki hakuzigusa. Nikadhani ameona pesa zangu ni kidogo.

Nikarudi na zaidi, na fundi, na spana. Safari hii hata mursik haikuja.

"Wewe mtu ya majani chai," alisema, "kwani umenikuta soko?"

"Lakini mzee, hii gari yako imelala tu!"

"Hata ng'ombe hulala."

Fundi alicheka, nami nikamwacha huko atafute njia yake ya kurudi. Hasira ziliponipoa nilimngoja Sigor, akafika kwa bodaboda, nikampakia, tukaja mpaka Kericho hatusemezani.

Mama alinisikiliza jikoni huku akipepeta wimbi. Nilimweleza kwa ukali wote ubishi wa watu wa Chebunyo. Alipotosheka akaniuliza, "Ulimwambia raki ni ya nini?"

"Ya gari."

"Ulimwambia wewe ni wa nani?"

"Hakuuliza."

"Hakuuliza kwa sababu alikuwa anangoja useme. Eish! Nilizaa duka."

Ndipo akanieleza jambo ambalo baba ndiye angepaswa kunieleza. Alipoolewa hawakuwa na ng'ombe wa maziwa. Rafiki wa baba aliyekaa mbali, kule kwenye nyasi, aliwawekea mmoja. Wakipsigis huita hiyo kimanagan: ng'ombe anabaki wa mwenyewe, ndama ni wa mwenyewe, lakini unamtunza na maziwa unakunywa wewe, mpaka siku atakapotakiwa. Hakuna karatasi. Kuna mashahidi, na kuna kutembeleana. Mtu wa namna hiyo hukuuzii, alisema mama, lakini si mchoyo.

"Na wewe mwenyewe ulikunywa maziwa ya ng'ombe ya watu mpaka ukaota meno," akamalizia. "Nenda uombe uwekewe."

"Mama, hii ni chuma."

"Na wewe ni nini? Nenda."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi kuinama chini ya gari nilikuwa nimeweza. Kuinama mbele ya mtu ndiko kulikonishinda. Nilienda peke yangu, pochi nikaiacha garini, nikabeba majani ya chai na sukari. Niliketi. Nilimwambia yule mzee nyumbani ni wapi na baba ni nani. Nilimweleza swali la kila asubuhi na jibu la mama, na kwamba siku hizi asubuhi nyingine swali haliji. Sikukusudia kulia, lakini sauti ilinikatika nilipofika hapo, nikajifanya nakohoa.

Mzee aliivuta sukari na majani ya chai karibu na kiti chake. Kisha akalionyesha gari lake kwa kidevu.

"Mama ya watoto alikuwa anakaa hapo, upande ya dirisha," alisema. "Nikiuza stering leo, kesho mtu atakuja kuuliza mlango. Halafu atauliza kiti."

"Usiuze, mzee," nikasema. "Niwekee kimanagan."

Alinitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika goti. Aliita majirani wawili wakaacha palizi wakaja, akawaeleza, nao wakacheka, lakini walipomaliza kucheka wakasimama vizuri pale kwenye gari, maana sasa walikuwa mashahidi. Masharti yalisemwa wazi. Raki ni yake. Mimi niendeshe. Gari letu likiuzwa au likifa, raki inarudi Chebunyo. Na mmoja wa majirani akaongeza kwamba ikizaa, ndama asisahauliwe. Mzee aliiaga kwa kuipiga kofi dogo, nami nikaipeleka Kericho nimeilaza kwenye kiti, nimeifunga mkanda.

Asubuhi tuliyoileta pikapu nyumbani, imeoshwa, kuku wamefukuzwa, niliiegesha mbele ya mlango nikangoja. Nilimsikia baba ndani.

"Gari imetoka garage?"

"Imetoka," mama akasema.

Alitoka na viatu mikononi. Akaizunguka, akapapasa bodi, akafungua mlango akaketi mbele ya usukani. Uso wake ulifunguka, nami nikaingia upande wa pili haraka, nikawasha injini nikiegemea mbele yake. Akaushika usukani, akaugeuza kidogo kushoto, kidogo kulia. Akaugeuza tena. Nikaona uso ukijifunga.

"Hii si yangu," alisema. "Yangu inacheza."

Nilimweleza kwamba imetengenezwa. Nilimwonyesha mkwaruzo wa mlangoni alioufanya mwenyewe kwenye lango la kanisa. Alinisikiliza kwa adabu ile ile anayowapa wageni, akazima injini, akashuka, akaniwekea ufunguo kiganjani.

"Gari nzuri," akaniambia. "Rudisha kwa wenyewe."

Niliketi kwenye ngazi ya mlango. Kazi yote ile, vumbi lote lile, na nilikuwa nimemwondolea kwa mikono yangu kitu cha mwisho alichokijua kwenye lile gari, kule kulegea kwa usukani. Niliona uchungu ambao hasira zangu hazikujua la kuufanyia.

Mama ndiye aliyemfuata. Alimshika mkono wa koti akamwambia, "Mzee, gari ni yako. Ni stering tu si yako. Imewekwa kwetu kimanagan, kutoka Chebunyo."

Baba akasimama.

"Nilijua," alisema. "Nilijua kuna kitu ya watu ndani."

Akarudi. Na yule aliyerudi sikuwa nimemwona kwa muda mrefu. Akauliza ni ya nani, mama akamtajia. Akauliza mashahidi walikuwa akina nani, nikamtajia mimi. Akauliza imekaa kwetu tangu lini, na katika siku zote hizo ni nani wa boma hili ameenda kumwambia mwenyewe kwamba mali yake iko salama.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna!" Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Unakaa na ng'ombe ya mtu na hujaenda kusema imekula nini? Hiyo ni adabu gani? Mama, lete kofia."

Tuliondoka wote watatu kwenye kiti kimoja, mama katikati, miguu yake ikiukwepa mkono wa gia kwa ustadi wa zamani, baba kwenye dirisha, bakora katikati ya magoti. Hakusema gari ni lake wala si lake. Alikagua mashamba ya watu, akalaumu waliochelewa kupogoa chai. Kwenye mteremko wa kuelekea Litein akaniambia, "Zima." Haikuwa busara, lakini nilizima. Gari likashuka kimya, upepo ukaingia, na mama akaanza kuomba kwa Kigusii. Nilitabasamu hadi taya zikaniuma. Ningeweza kuteremka hivyo mpaka Tanzania.

Chebunyo, yule mzee alitusikia tukifika kabla hajatuona, akatoka na kusimama langoni. Baadaye alituambia kwamba aliijua sauti ya usukani ikikata kona. Sikuamini, lakini sikubisha.

"Chamgei," baba akamsalimu.

"Chamgei mising."

Walisalimiana kwa mikono miwili. Waliulizana mvua, nyasi, magonjwa ya ng'ombe, nani amebaki katika rika lao na nani ametangulia. Kisha baba akampeleka kwenye pikapu, akamfungulia mlango, na mzee wa Chebunyo akaketi akaugeuza usukani wake kushoto na kulia, macho ameyafumba. Hakuna aliyemharakisha.

Aliposhuka, baba alivua kofia.

"Nimekuja kukuambia kitu iko mzima," alisema. "Na nimekuja kukuambia ingine. Mimi ninasahau. Kichwa yangu imetoboka. Kesho unaweza kuja kwangu nikuulize wewe ni nani, usikasirike. Lakini kitu ya watu haiwezi kukaa kwa mtu anasahau, lazima mwingine aijue."

Akanyoosha mkono bila kutafuta, ukatua begani kwangu.

"Huyu ni kijana yangu. Ni wa pili. Yeye ndiye anajua hii stering ni yako. Siku nitasahau, uliza yeye."

"Nimemwona," mzee akajibu. "Nitauliza yeye."

Mama aligeuka kutazama ng'ombe. Mimi nilibaki nimesimama chini ya ule mkono nikiomba usiondoke. Nilikuwa mtu mzima mwenye duka na watoto wa sekondari, na sijawahi kufurahi namna ile. Hakulikumbuka jina langu, lakini alijua mimi ni wa ngapi, na alijua ni mimi wa kuachiwa.

Tulikunywa chai ya majani yetu na maziwa yao, tukaaga jua likiwa bado juu. Baba alilala kutoka Sigor mpaka karibu na Kaplong, kichwa kikigonga kioo taratibu. Alipoamka alitazama barabara kwa muda, akatazama mikono yangu, halafu uso wangu.

"Kijana," alisema vizuri kabisa, "wewe ni wa nani?"

Mama akaniwekea mkono gotini. Mashamba ya chai yalikuwa yameanza tena, pande zote mbili. Nikamtajia jina la baba yangu, lote, na la babu yangu nikaongeza.

Akafikiri.

"Huyo namjua," akasema. "Alikufundisha kuendesha vizuri. Umwambie nimesema."

"Nitamwambia, mzee," nikajibu.